Harrier Anaconda au X-Trail T32? Jinsi ya kuzilinganisha hatua kwa hatua kabla hujatuma hela

Kila baada ya wiki chache napigiwa simu na mtu mwenye shida ile ile. Amekaa mwezi mzima na simu, ana picha arobaini za magari, ameuliza mafundi wanne na kila mmoja kamwambia lake, mwisho anachukua gari kwa sababu rangi imempendeza au bei imeonekana ndogo kwa dola mia tano. Gari ikifika bandarini ndo anajua kodi imezidi alichotenga, au gari sio fowili kama alivyodhani, au gia boksi inahitaji kushughulikiwa kabla hata ya kufunga namba.

Wanachokosea karibu wote ni kulinganisha majina. Harrier ni jina, X-Trail ni jina. Wewe utanunua gari moja yenye chesesi moja, ya mwaka mmoja, yenye kodi yake na makovu yake, kwahiyo hiyo ndo ya kuweka mezani.

Nimechagua hizi mbili kwa sababu ndo zinazogombaniwa zaidi kwa bajeti ya katikati hapa Dar: Toyota Harrier kizazi cha tatu, ile tunayoiita Anaconda, na Nissan X-Trail T32. Zote zilitoka Japani Desemba 2013, zote zina injini ya lita 2 ya petroli na gia boksi ya CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Utaratibu wenyewe unaweza kuutumia hata kwa Forester na RAV4.

## Andaa hivi vitu kwanza

- Daftari au eksel kwenye simu yenye safu mbili, gari ya kwanza na gari ya pili. Usifanye kwa kichwa.
- Namba kamili ya chesesi ya kila gari. Muuzaji akikataa kukupa, hiyo gari itoe.
- Shiti ya mnada ya kila gari, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari pale mnadani Japani, picha ya ile yenyewe ya Kijapani pamoja na tafsiri.
- Profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, inayoonyesha FOB na CIF mpaka Dar es Salaam (maana zake ziko hatua ya 4).
- Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, kipo kwenye tovuti yao, bure.
- Tepu ya kupimia, ile ya fundi seremala.
- Bei ya petroli ya mwezi huu ya EWURA. Wanatangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.
- Namba ya fundi anayefungua gia boksi za CVT. Fundi wa kila kitu hatakusaidia hapa.

Tenga wikiendi mbili. Ukiwa na haraka zaidi ya hapo utaruka hatua ya 5 na hiyo ndo inayookoa hela nyingi.

## Hatua ya 1: Hakikisha gari zinalingana

Anza na herufi za mwanzo za chesesi, maana zinasema ukweli kuliko tangazo.

Kwa Harrier: ZSU60 ni petroli lita 2 inayovuta kwa mbele tu. ZSU65 ni petroli lita 2 ya fowili. AVU65 ni haibridi (petroli na umeme) ya lita 2.5. ASU60 na ASU65 ni turbo lita 2, hizi zilianza Juni 2017.

Kwa X-Trail: T32 ni ya kuvuta mbele, NT32 ni fowili. HT32 na HNT32 ni haibridi.

Sasa angalia watu wanavyojichanganya. Mtu anachukua Harrier ZSU60 ya 2014 anailinganisha na X-Trail NT32 ya 2017, anasema X-Trail ni ghali. Hapo kaweka gari ya mwaka mpya zaidi yenye fowili mbele ya gari ya zamani isiyo na fowili, halafu analaumu jina. Chukua ZSU60 na T32, au ZSU65 na NT32, na miaka isipishane zaidi ya mmoja. Zote mbili zilifanyiwa maboresho ya sura Juni 2017, kwahiyo usivuke huo mstari kwa gari moja ukaacha nyingine nyuma.

Angalizo: watu wengi wanaamini kila X-Trail ni fowili. Shemeji yangu aliamini hivyo. Muuzaji alimwambia kwa mdomo tu kwamba ni fowili, hakuna aliyeangalia chesesi, msimu wa mvua za masika akaenda nayo shamba upande wa Handeni akakwama kwenye tope la kawaida kabisa, tairi za mbele zinazunguka zinarusha udongo na za nyuma zimetulia kama zimeegeshwa. Akasubiri trekta masaa matano na watoto ndani. Chesesi yake ilianza na T32 tu, haina N mbele. Herufi moja.

Kama gari iko hapa nchini, usiishie kwenye chesesi. X-Trail ya fowili ina kitufe cha kuzungusha karibu na gia kimeandikwa 2WD, AUTO na LOCK. Kwa zote mbili inama nyuma uangalie chini, ukiona propela shafti imekuja mpaka kwenye difu katikati ya tairi za nyuma, ni fowili.

Umefaulu kama: safu zako mbili zina aina moja ya uvutaji, injini ya kundi moja, na mwaka unaokaribiana.

## Hatua ya 2: Jaza vipimo vinavyokugusa wewe

Broshua ina mistari mia, usiijaze yote. Hii hapa ya petroli lita 2 za kabla ya maboresho, Harrier kwanza halafu X-Trail:

- Injini: 3ZR-FAE ya sisi (cc) 1,986 / MR20DD ya sisi 1,997
- Nguvu: farasi 151 / farasi 147
- Toku: Nm 193 / Nm 207
- Urefu: mm 4,720 / mm 4,640
- Upana: mm 1,835 / mm 1,820
- Kimo: mm 1,690 / mm 1,715
- Kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma: mm 2,660 / mm 2,705
- Uwazi wa chini ya gari: mm 190 / mm 205
- Viti: 5 / 5 au 7
- Tenki: lita 60 / lita 60

Ukisoma kwa haraka unaona zinafanana, lakini tulia. Harrier ni ndefu kwa nje ila X-Trail ina nafasi kubwa zaidi kati ya tairi na tairi, na hiyo unaiona kwenye magoti ya abiria wa nyuma. Farasi nne za Harrier usizihesabu, X-Trail ni nyepesi kwa kama kilo mia moja na toku yake iko juu kidogo, kwahiyo ukiwa umejaza watu unapanda kilima utaona X-Trail haihangaiki kiasi hicho. Harrier nayo ukiipeleka barabara ndefu imetulia zaidi, ndani kuna ukimya ambao X-Trail haifikii, na vifaa vya ndani ni vya daraja la juu.

Viti saba usivichukulie kama viti saba vya Noah. Ile safu ya tatu ya X-Trail ni ya watoto, mtu mzima akikaa pale kutoka Dar mpaka Morogoro atalalamika. Na ukiinua hiyo safu, buti inabaki ya begi mbili. Ila kwa mwenye watoto wanne hicho kitu ndo kinamaliza mjadala, maana Harrier ya watu saba kwa kizazi hiki haipo.

Kingine cha X-Trail ambacho watu hawakithamini: matoleo mengi yana viti na sakafu ya buti visivyopenya maji. Kama unabeba samaki kutoka Feri au watoto wanaomwaga juisi, utanikumbuka.

Umefaulu kama: una mistari kumi hivi, na pembeni ya kila mmoja umeandika "inanihusu" au "hainihusu".

## Hatua ya 3: Ipime barabara yako

Hii hatua ni ya nusu saa na karibu hakuna anayeifanya.

Toka nyumbani na tepu. Nenda kwenye sehemu mbaya kuliko zote unayopita kila siku, pale mtaro ulipokula barabara, au lile jiwe la kwenye kona, au ngazi ya zege ya getini kwako. Pima kimo cha kitu kinachobaki katikati wakati tairi zimeshuka pembeni. Mtu mmoja wa Goba nilienda naye, tukapima tuta la udongo mgumu katikati ya njia yake, likaja sentimita 17 na nusu.

Harrier ya petroli ina sentimita 19 ikiwa tupu. Weka watu wazima watano na gunia la mchele, shokapu zikiwa na umri wake, gari inashuka. Ile sentimita moja na nusu iliyobaki inaisha hapo hapo, na kitakachogusa kwanza ni kava la plastiki chini ya injini, likishakatika linaburuza. X-Trail ina sentimita 20 na nusu, kwahiyo kwa njia ya huyu bwana ilikuwa inapita na akiba.

Angalizo kubwa: Harrier haibridi iko chini zaidi, milimita 175. Watu wanaifuata kwa ajili ya mafuta halafu wanaipeleka barabara za vumbi. Kwa huyu wa Goba ingekuwa inagusa kabla hata abiria hawajapanda.

Usijipe moyo kwamba utaweka spesa za kuinua gari. Zinasaidia kidogo lakini zinabadilisha pembe ya shafti za mbele, na buti za CV, zile raba zinazofunika jointi za shafti, zitachanika mapema. Nunua gari inayopita ikiwa kama ilivyotoka kiwandani.

Umefaulu kama: una namba moja kwa sentimita, na unajua gari ipi inaizidi kwa angalau sentimita 3.

## Hatua ya 4: Piga bei mpaka getini kwako

Hapa ndo panapoliza watu, kwahiyo twende taratibu.

Bei unayoiona kwenye tangazo la Japani mara nyingi ni FOB, yaani gari ikiwa imepandishwa melini kule. Ongeza nauli ya meli na bima unapata CIF. Halafu zinakuja kodi, halafu gharama za bandari, kampuni ya meli, wakala wa forodha, usajili na bima ya hapa. Mtu anayelinganisha FOB na FOB hajalinganisha kitu bado.

Kodi kuu kwa gari ya kutembelea ni hizi: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ushuru wa uchakavu kulingana na umri, na VAT 18% juu ya jumla ya vyote hivyo. Injini kati ya sisi 1,001 na 2,000 inalipa 5%, ikizidi 2,000 ni 10%. Kwahiyo Harrier ya 1,986 na X-Trail ya 1,997 ziko kapu moja, lakini Harrier haibridi ya lita 2.5 inaruka kapu la juu.

Umri ndo unaouma. Gari ya miaka 8 mpaka 10 inaongezewa 15%, ikizidi miaka 10 ni 30%. Chukua mfano wa gari ambayo thamani ya CIF ni dola 10,000, sisi chini ya 2,000:

- Chini ya miaka 8: forodha 2,500, ushuru wa bidhaa 625, VAT 2,362.50. Jumla dola 5,487.50.
- Miaka 8 mpaka 10: ongeza uchakavu 1,875, VAT inakuwa 2,700. Jumla dola 7,700.
- Zaidi ya miaka 10: uchakavu 3,750, VAT 3,037.50. Jumla dola 9,912.50.

Hapo bado tozo ya reli, ada ya forodha na usajili. Angalia tofauti ya mstari wa kwanza na wa tatu, ni dola 4,425 kwa gari yenye thamani ile ile. Ndo maana gari ya 2014 ambayo FOB yake ni ndogo inaweza kukufikia nyumbani kwa bei inayokaribia ya mwaka wa juu, na wewe ukabaki na gari ya zamani.

Sasa kitu muhimu: TRA wana thamani yao kwenye mfumo. Ukinunua kwa bei ya chini kuliko waliyonayo, watatumia yao. Kwahiyo usipige hesabu kwa profoma yako peke yake, ingia kwenye kikokotoo, chagua aina ya gari, mwaka, injini, nchi, chukua jumla inayokuja. Fanya kwa gari zote mbili siku moja, na tumia kiwango kimoja cha kubadili dola. Nimeona mtu kapiga hesabu ya Harrier mwezi wa tatu na X-Trail mwezi wa sita halafu anashangaa.

Maangalizo ya hapa:

Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa Japani vinaweza kupishana. Kodi inaangalia wa kutengenezwa. Tangazo likiandika mmoja tu, uliza ni upi.

Ukinunua Novemba na meli ikafika Januari, mwambie wakala akupigie hesabu ya miaka yote miwili, maana gari inaweza kuvuka kundi la umri ikiwa baharini.

Viwango vinaweza kubadilika bajeti mpya ikianza Julai 1. Hesabu ya Mei isikae mpaka Agosti.

Bandari inatoa siku chache za bure halafu inaanza kuhesabu gharama za kutunza mzigo. Hela ya kodi iwe tayari kabla meli haijafika.

Kwa walioko Kenya, hatua hii ni tofauti kabisa, kule gari iliyozidi miaka 8 haiingii, kwahiyo anza na mwaka ndo uje kwenye bei.

Umefaulu kama: kila safu ina namba moja ya mwisho kwa shilingi, kuanzia Japani mpaka gari ina namba, na umeongeza akiba ya 5% juu yake.

## Hatua ya 5: Soma shiti ya mnada kwa macho yako

Usitosheke na "gredi 4 boss, gari safi". Omba picha ya shiti yenyewe na ukae nayo.

Juu kulia kuna gredi. 4.5 na 4 ni nzuri, 3.5 inavumilika ukiona kasoro zenyewe ni ndogo. R au RA maana yake gari iligongwa ikarekebishwa. Pembeni kuna herufi ya ndani ya gari, A mpaka C au D, hii inakwambia mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani.

Chini kuna mchoro wa gari umejaa herufi ndogo. A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyopigwa bodi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba ikiwa kubwa ndo kasoro kubwa. A1 kwenye mlango usihangaike nayo. W3 kwenye kota ya nyuma au S na C upande wa chini, tulia hapo hapo, hiyo inaweza kuwa gari iliyoishi sehemu za theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani, na kwetu sisi wa Pwani kutu ikishaanza haisimami.

Halafu kilomita. Linganisha za kwenye shiti na za kwenye picha ya dashibodi. Gari ikiwa imeshafika, angalia vitu vinavyochakaa kwa kuguswa: raba ya pedali ya breki, ngozi ya stelingi upande wa mkono wa kulia, na ule ukingo wa kiti cha dereva unaosuguliwa wakati wa kushuka. Gari inayodai kilomita elfu 48 halafu raba ya breki imelainika mpaka mistari imefutika upande mmoja, hapo kuna mtu kacheza na dashibodi. Nimekuta hiyo kwenye yadi, na kiti kilikuwa kimeshonwa upya juu ya uchakavu.

Umefaulu kama: unaweza kumwelezea mtu mwingine kila herufi iliyopo kwenye ule mchoro bila kumuuliza muuzaji.

## Hatua ya 6: Gia boksi, ongea na fundi mapema

Zote ni CVT na zote zinakufa ukizitunza kama gia boksi za kizamani. Ila niseme wazi, kwa hizi mbili X-Trail ndo ya kuangalia kwa makini zaidi. Ndugu yake wa Marekani anaitwa Rogue, na kule Nissan walikuja kuongeza muda wa waranti ya gia boksi za 2014 mpaka 2018 baada ya kesi ya wateja. Hiyo haimaanishi kila X-Trail ni mbovu, zipo nyingi zinatembea vizuri, inamaanisha historia ya oili ina uzito.

Gari ikiwa hapa nchini, iendeshe nusu saa nzima mpaka ipate moto kabisa, ikiwezekana kwenye foleni ya mchana. Kwenye mwendo wa 20 mpaka 40 sikiliza kama inatetemeka kama imepita kwenye matuta madogo mfululizo. Simama mlimani uondoke taratibu, ikisita halafu ikaruka, mashaka. Weka rivasi ikiwa ya moto. Halafu chomeka mashine ya kusoma makosa, kwa Nissan ukiona P17F0 au P17F1 hiyo ni gia boksi inalalamika, acha gari.

Ikiwa inatoka Japani huwezi kuiendesha, kwahiyo weka kwenye safu ya X-Trail hela ya kubadilisha oili ya CVT mara tu inapofika. Nissan inatumia NS-3, Harrier inatumia Toyota CVT Fluid FE.

Angalizo: usikubali fundi akuwekee oili ya gia boksi ya kawaida kwa kuwa "zote ni ATF". Mkanda wa CVT unashika kwa msaada wa ile oili yenyewe, ukiweka nyingine unaanza kuteleza, na siku ikifa utaagiza nzima. Nunua mwenyewe, mkabidhi mkononi, simama pale anavyomimina.

Kwenye injini, zote zina cheni. MR20DD inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwahiyo valvu zinashika kaboni na umri, tenga hela ya kusafisha.

## Hatua ya 7: Mafuta, kwa hesabu ya mwezi

Kwa kipimo cha Japani cha JC08 zote ziko karibu na kilomita 16 kwa lita. Sahau. Kwenye foleni ya Mwenge au Mbagala tegemea kama nusu yake.

Tafuta mtu mwenye gari hiyo hiyo, mjazie tenki mpaka pampu ikate, atembee wiki, ajaze tena pampu ile ile. Gawanya kilomita kwa lita. Ukipata 8 kwa gari moja na 9 kwa nyingine, na wewe unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, ni lita 187.5 dhidi ya 166.7. Tofauti lita 21 hivi. Kwa lita ya shilingi 3,000 ni kama elfu 62 kwa mwezi. Sasa weka hiyo pembeni ya tofauti ya bei ya kununulia uone itachukua miaka mingapi kuifuta, utakuta kwa hizi gari mbili mafuta hayaamui kitu.

## Hatua ya 8: Spea na siku ya kuuza

Nenda Gerezani au Shauri Moyo, uliza bei ya vitu sita kwa kila gari: breki pedi za mbele, shokapu za mbele, taa ya mbele moja, saitimira moja, radieta, na gia boksi iliyotumika. Uliza maduka matatu. Andika na kama kipo dukani au ni cha kuagiza, maana kusubiri nako ni gharama.

Utakachokuta ni kwamba Harrier vitu vipo kila kona, ila taa na saitimira zake bei imesimama, na ndo zinazoibiwa. Ukichukua Harrier weka kwenye hesabu bima kubwa na kuzifunga zile saitimira, sio kitu cha kusubiri mpaka uibiwe.

Kwenye kuuza, Harrier inaondoka haraka na kwa bei nzuri, hiyo madalali wote watakwambia na ni kweli. X-Trail utakaa nayo sokoni na mnunuzi atakubana. Kwahiyo kama wewe ni mtu wa kubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu, ule unafuu wa kununua X-Trail unaurudisha siku ya kuuza. Kama unakaa nayo miaka nane, haukuhusu.

## Hatua ya 9: Kaa ndani, na familia

Azima, kodi, au nenda yadi. Mpeleke mama watoto na mtu mrefu kuliko wote nyumbani. Kaa siti ya nyuma dakika kumi. Angalia nyuma ukiwa dereva, Harrier ina nguzo nene kule nyuma, bila kamera utapata tabu kuegesha.

Jaribu redio. Gari za Japani zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90 au 95 hivi, stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, utahitaji kifaa cha kuhamisha masafa au kubadilisha redio yote. Na betri ikichomolewa, skrini nyingi za Toyota zinadai kadi yake ya ramani. Uliza kama kadi ipo kabla ya kulipa.

## Hatua ya 10: Amua, halafu lipa

Rudi kwenye daftari. Futa kwanza gari iliyoshindwa barabara yako, hatua ya 3. Halafu iliyoshindwa shiti. Zikibaki mbili, angalia bei ya getini.

Mimi nimeshafanya hii na watu wengi na inaangukia hivi: anayekaa mjini kwenye lami, watu wanne, na atauza baada ya miaka michache, achukue Harrier ZSU60 ya gredi 4, mwaka unaokwepa ile 30%. Mwenye watoto wengi, njia ya udongo na shamba, achukue X-Trail NT32, aongeze hela ya oili ya CVT na asiiguse ya kuvuta mbele. Anayetaka haibridi kwa barabara ya vumbi, namwambia hapana.

Kabla ya kutuma hela hakikisha jina la akaunti ya benki linafanana herufi kwa herufi na jina la kampuni kwenye profoma. Ukiambiwa kwa meseji kwamba akaunti imebadilika, simama, piga simu kwa namba uliyoipata mwenyewe mwanzoni. Namba ya chesesi iwe imeandikwa kwenye profoma. BL (hati ya meli ya kusafirisha gari) ikitoka, linganisha chesesi na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, kosa la herufi moja pale linarekebishwa kwa hela na siku za bandari zinahesabika.

Gari ikishuka, nenda na ile shiti mkononi, zunguka gari herufi moja moja. A1 mlango wa kushoto, ipo. U1 bampa ya nyuma, ipo. Ukikuta kitu kipya ambacho shiti haina, piga picha hapo hapo bandarini kabla hujasaini kuipokea.